Staa Akizingua Mtaani, Bodi Imfungie? Stori Ndefu Kutoka Kinampanda Hadi Nyahururu

Kila msimu mambo ni yaleyale. Picha inavuja usiku wa manane, staa wa timu kubwa yupo klabu, glasi mkononi, na mechi ni keshokutwa. Kufika asubuhi kurasa za Insta zimeshachafuka na mashabiki wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza: "Afungiwe, anatuharibia watoto." Kambi ya pili: "Mwacheni ale ujana wake, si anafunga magoli?" Baada ya hapo wote wanageukia upande mmoja. TFF wako wapi? BMT wako wapi?

Ukiuangalia kwa haraka unaweza kudhani huu ni ugomvi wa zama za simu janja. Wapi! Swali la kama bodi ya michezo ina haki ya kumfuata mchezaji hadi sebuleni kwake ni la zamani sana, na majibu yake yamewahi kuwagharimu watu mikanda, kazi, na wengine miaka yao bora.

MPIRA NA TABIA, MAPACHA WA SHULE MOJA

Twende Kinampanda, wilayani Iramba, mkoa wa Singida. Kwa wengi jina hilo maana yake ni chuo cha ualimu, basi. Enzi za Mwingereza, wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani waliandaa walimu hapo, na walimu hao wakasambaa shuleni.

Sasa, kwenye shule na vyuo vya misheni vya Tanganyika, mpira haukuja kama burudani tu. Wazungu wa wakati ule waliamini kwamba uwanja unamjenga mtu. Anayetii filimbi atatii kengele, anayetii kengele atatii kanisa na serikali. Mwalimu akitoka chuoni anakuwa kila kitu kwa mpigo: kocha, refa, mlezi na mchapa fimbo. Aliyekulia kijijini anaijua hii hadi leo. Ukikamatwa unavuta sigara nyuma ya choo, adhabu yako si fimbo peke yake. Jumamosi wenzako wanacheza na shule ya jirani, wewe unamwagilia bustani.

Kwa mtoto wa miaka 13, hilo halina shida. Mwalimu yupo pale badala ya mzazi. Shida ni kwamba wazo hilo lilipanda ngazi lote kama lilivyo, likaingia kwenye ligi ya watu wazima wenye mikataba, familia na kodi ya nyumba. Bodi ikabaki na akili ya mwalimu wa zamu, na mchezaji akabaki mwanafunzi hata akiwa na miaka 30.

1967: MWAKA MMOJA, STORI MBILI

Mwaka 1967 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria namba 12 iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa, BMT. Nchi ilikuwa changa, mwaka huohuo Azimio la Arusha limetangazwa, na michezo nayo ikawekwa chini ya mkono wa taifa. Mwanamichezo akawa sehemu ya bendera.

Mwaka huohuo, ng'ambo, bondia namba moja duniani alikuwa anaonja ukali wa bodi. Tarehe 28 Aprili 1967 Muhammad Ali alikataa kuingizwa jeshini wakati wa vita ya Vietnam. Kamisheni ya ngumi ya New York ikamnyang'anya leseni na WBA ikamvua ubingwa. Hapo mahakama ilikuwa bado haijamtia hatiani; hukumu ilikuja Juni. Hakumpiga mtu chini ya mkanda, hakutumia dawa, hakuuza pambano. Alichofanya kilikuwa nje kabisa ya ulingo.

Ali alikaa zaidi ya miaka 3 bila kupigana, akiwa na umri wa miaka 25 hadi 28, umri ambao bondia ndiyo anawaka. Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta hatia yake, majaji 8 kwa 0. Safi, ila ile miaka nani amrudishie?

Mwaka 1980 Ali huyohuyo akatua Dar es Salaam. Safari hii alikuwa ametumwa na Rais Jimmy Carter kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Nyerere hakukubali kukutana naye, na Tanzania ikaenda Moscow. Filbert Bayi akarudi na fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akarudi na fedha ya mita 5,000. Hizo ndizo medali tulizonazo za Olimpiki. Miaka minne nyuma Bayi, aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, aliikosa Montreal kwa sababu nchi ilisusia kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini. Sababu ilikuwa nzito na ya haki. Ila uamuzi haukuwa wa Bayi. Mwanamichezo leo anaitwa msaliti, kesho balozi, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza.

ANAYELALAMIKA NA ANAYEHUKUMU

Rudi nyumbani. Julai 2022 Kamati ya Maadili ya TFF ilimfungia Haji Manara, wakati huo msemaji wa Yanga, kwa miaka 2 na kumpiga faini ya shilingi milioni 20. Chanzo ni majibizano na Rais wa TFF, Wallace Karia, siku ya fainali ya Kombe la Shirikisho jijini Arusha. Manara si mchezaji na tukio lilikuwa jukwaani, si kwenye nyasi, ila kesi hii inafundisha kitu.

Weka ushabiki pembeni kidogo. Kumheshimu kiongozi ni jambo la msingi na hakuna anayelipinga. Lakini kamati ni ya shirikisho, na aliyekosewa ndiye mkuu wa shirikisho. Hata kama wajumbe wana haki kama mizani, mtaa utauliza tu: kesi ya nyani, hakimu nyani? Bodi ikitaka kuchunga midomo ya watu, jambo la kwanza ni kuwa na hakimu ambaye hana undugu na upande wowote.

Wasanii wa Bongo wanaijua hii ladha. Desemba 2018 BASATA iliwafungia Diamond Platnumz na Rayvanny kufanya shoo kisa wimbo uliokuwa umepigwa marufuku, na Januari 2019 wakafunguliwa. Miezi michache kabla, staa mmoja wa filamu alifungiwa na Bodi ya Filamu baada ya video yake ya faragha kusambaa Insta. Hakuna filamu iliyokuwa imevunja sheria hapo. Maisha yake ndiyo yaliyohukumiwa.

NYAHURURU NA ITEN: PALE BODI ILIPOTAKIWA

Kwa hiyo bodi zikae mbali kabisa na maisha ya wachezaji? Hapana, na Kenya ndiyo inatoa somo gumu zaidi.

Agosti 2008, Samuel Wanjiru, kijana wa miaka 21, aliipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, Beijing, kwa saa 2:06:32. Hela na umaarufu vikaja kwa kasi kuliko mbio zenyewe. Desemba 2010 akafikishwa mahakamani kwa tuhuma za kumtishia mkewe na kumiliki bunduki ya AK-47, akakana. Mei 2011 akafariki baada ya kuanguka kutoka ghorofani nyumbani kwake Nyahururu. Alikuwa na miaka 24. Dunia nzima ilikuwa inaona kijana anazama. Kumfungia kusingemuokoa. Mtu wa kumshika mkono, wa kumsimamia fedha, wa kumsikiliza, huenda angeweza.

Halafu Agnes Tirop. Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee, dakika 30:01. Mwezi mmoja baadaye alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Mumewe akashtakiwa, akakana. Wanariadha wenzake, akiwemo Viola Cheptoo, wakaanzisha Tirop's Angels kupambana na ukatili wa kijinsia. Septemba 2024 Mganda Rebecca Cheptegei, aliyetoka kukimbia Olimpiki ya Paris, alifariki Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto na aliyekuwa mpenzi wake.

Hawa dada hawakuwa na kosa lolote nje ya uwanja. Hatari ndiyo ilikuwa nje ya uwanja. Hapo swali zima linageuka. Jicho linaloona haraka glasi ya bia ya mchezaji, mbona linachelewa kuona jeraha lake?

MSTARI UCHORWE WAPI

Kuna mambo ya nje ya uwanja ambayo bodi lazima iyashike. Kupanga matokeo hakufanyiki kwenye nyasi, kunafanyika hotelini na kwenye simu. Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji 4 waliokuwa Kakamega Homeboyz ya Kenya kwa mchezo huo, mmoja maisha. Dawa nazo ni hivyohivyo. Mwanariadha aliye kwenye orodha ya kupimwa anatakiwa kutaja mahali atakapopatikana kwa dakika 60 kila siku, na akikosekana mara 3 ndani ya miezi 12 anaweza kufungiwa hadi miaka 2. Ni kuingiliwa maisha, tena sana. Ila kanuni imeandikwa kabla, inambana kila aliye kwenye orodha, na inalinda mchezo wenyewe.

Huo ndio mstari. Je, kitendo kinaharibu mchezo au kinamuumiza mtu? Je, kanuni ilikuwepo kabla ya kosa? Je, anayehukumu hana maslahi? Majibu yote yakiwa ndiyo, bodi iingie bila kuogopa jina la mtu. Mchezaji akimpiga mkewe, polisi na bodi wote waamke. Akivaa hereni, akiachana na mchumba, akicheza Amapiano saa nane usiku, hiyo ni kazi ya klabu yake na mkataba wake. Akichelewa mazoezini akatwe mshahara, stori iishe.

Septemba 2025 mtoto wa Singida, Alphonce Simbu, alishinda marathoni ya dunia Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Leo kuna dogo Kinampanda anakimbia barabara ya vumbi kuelekea Kiomboi na Simbu ndiye picha ya kichwani mwake. Akifika huko juu, atakutana na bodi. Itakayomkuta ikiwa na pingu tu, itamchelewesha. Itakayomkuta ikiwa na mwanasheria, mshauri wa fedha na namba ya simu inayopokelewa usiku, hiyo ndiyo itakuwa na haki ya kumuuliza jana alikuwa wapi.