Maharage yanayojikinga na virusi yapo. Kwa nini hayajafika Songea?

Ukiona majani ya maharage yamekunjamana na yana mabaka ya kijani kibichi na kijani mpauko, usikimbilie mbolea. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa batobato. Unaletwa na virusi, na virusi vya mimea havina dawa. Ukipuliza sumu unaua mdudu anayevibeba tu, tena mara nyingi umeshachelewa.

Kwa mkulima wa Songea, Mbinga au Namtumbo hili si jambo dogo. Maharage ni mboga ya nyumbani na ni hela ya ada ya shule. Mbegu yenyewe wengi wanaitoa kwenye debe la mavuno ya mwaka jana, na tatizo linaanzia hapo: virusi vya batobato vinakaa ndani ya mbegu. Ukitunza mbegu ya shamba lililougua, umetunza na ugonjwa. Shambani vidukari wanamalizia kazi, wanafyonza utomvu mche huu na kuhamishia kirusi mche wa jirani.

Virusi vyenyewe ni viwili vinavyokaribiana, BCMV na BCMNV. Hiki cha pili ndicho korofi zaidi, na kimeenea Afrika Mashariki. Aina nyingi za maharage yaliyoboreshwa zina jeni iitwayo I, inayozuia BCMV. Lakini BCMNV ikiingia kwenye mmea wenye jeni hiyo, mmea unapambana kupita kiasi: mishipa na mizizi inageuka myeusi, kisha unakufa. Yaani kinga ya kirusi kimoja inaua mmea mbele ya kirusi kingine.

Uhandisi jeni unaingia wapi?

Mfano unaotajwa sana unatoka Brazil, nchi inayopenda wali na maharage kama sisi. Kule adui ni kirusi cha batobato ya dhahabu, kinachoenezwa na inzi weupe. Watafiti wa Embrapa, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, waliingiza kwenye maharage kipande cha jeni ya kirusi hicho hicho. Mmea ukishakuwa nacho unatengeneza vipande vya RNA vinavyozima jeni ambayo kirusi kinaitegemea kuzaliana. Kirusi kinaingia, ila hakizaliani. Brazil iliidhinisha maharage hayo mwaka 2011.

Yana mpaka wake, na huwa hausemwi sana. Kinga ile inamlenga adui mmoja. Virusi vingine, hata vinavyobebwa na inzi weupe hao hao, vinapita. Kwa hiyo hata mbegu hiyo ikiletwa Ruvuma kesho, haitazuia batobato ya hapa, kwa sababu kirusi chetu ni kingine kabisa.

Halafu kuna suala la sera. Tanzania ilijaribu mahindi ya GMO yanayostahimili ukame katika kituo cha Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio yasimame, na Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Adolf Mkenda, akatangaza kuyafuta. Kenya ilichukua njia nyingine: 2021 mamlaka yake ya usalama wa bayoteknolojia iliruhusu muhogo uliobadilishwa vinasaba ili kustahimili virusi vya michirizi kahawia.

Kwa maharage, lakini, hoja ya GMO haina nguvu kama kwenye muhogo. Ipo jeni ya asili ya maharage, bc-3, ambayo ikiunganishwa na I inazuia virusi vyote viwili bila mmea kufa. Hilo linafanyika kwa kuchavusha na kuchagua, njia ya kawaida ya watafiti wa mbegu. Kwa Nyanda za Juu Kusini, kituo cha maharage ni TARI Uyole, Mbeya.

Kwenye karanga mambo ni tofauti kidogo. Ugonjwa wa rozeti, unaodumaza mche, uliripotiwa kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa Tanganyika, 1907. Nao unaenezwa na vidukari, ila haupiti kwenye mbegu. Kupanda mapema na kwa kubananisha kunaupunguza.

Kwa maharage, cha kwanza ni mbegu yenye lebo ya TOSCI, au ya kuazimiwa ubora kutoka kikundi kilichosajiliwa. Anayetunza mbegu yake aweke alama kwenye miche yenye majani safi kabla haijakauka, maana ikishapukuchuliwa, mbegu yenye virusi na isiyo navyo huwezi kuzitofautisha kwa macho.