Mgogoro wa uteuzi wa Robertson

Mgogoro wa uteuzi wa Robertson ulikuwa mvutano wa kisiasa nchini Marekani mwaka 1881 kati ya Rais James A. Garfield na seneta Roscoe Conkling wa New York. Ulianza tarehe 23 Machi 1881, Garfield alipomteua William H. Robertson kuwa Mkuu wa Forodha wa bandari ya New York bila ridhaa ya Conkling. Pande zote mbili zilitoka katika chama cha Republican.

Nyuma ya mvutano huo kulikuwa na uhasama binafsi wa miaka 15 kati ya Conkling na James G. Blaine, Waziri wa Mambo ya Nje wa Garfield. Conkling alishindwa, akajiuzulu na hakurudi tena katika Seneti. Mgogoro huo hutajwa mara nyingi kama mfano wa jinsi uhasama wa watu wawili unavyoweza kugawa kura za wabunge, na pia wa mahali ambapo nguvu ya uhasama huo hufikia kikomo.

Usuli

Katiba ya Marekani inampa rais mamlaka ya kuteua maafisa wakuu wa serikali, lakini uteuzi huo unahitaji kuthibitishwa na Seneti. Katika karne ya 19 maseneta walijiwekea desturi ya kuheshimiana: kama seneta wa chama cha rais alimpinga mtu aliyeteuliwa kufanya kazi katika jimbo lake, wenzake walimuunga mkono na kumkataa mteuliwa. Desturi hiyo haikuandikwa katika Katiba, lakini iliwafanya maseneta wa chama tawala kuwa wagawaji wa kazi za serikali majimboni mwao.

Kazi hizo zilikuwa msingi wa siasa za wakati huo. Aliyepewa kazi na chama alitarajiwa kukifanyia kampeni na kukichangia sehemu ya mshahara wake. Chama kiliposhindwa, wafanyakazi wengi walifukuzwa na nafasi zao kupewa washindi.

Hakuna ofisi iliyokuwa na thamani zaidi katika mfumo huo kuliko forodha ya New York. Wakati huo ushuru wa bidhaa kutoka nje ulikuwa chanzo kikuu cha mapato ya serikali kuu, na sehemu kubwa zaidi ya ushuru huo ilikusanywa katika bandari hiyo. Mkuu wa Forodha alikuwa na ajira karibu 1,000 chini yake. Aliyemiliki ofisi hiyo alikuwa na jeshi la makada waliolipwa na serikali.

Uhasama wa Conkling na Blaine

Conkling na Blaine walikuwa vijana wenye vipaji katika Baraza la Wawakilishi baada ya Vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwezi Aprili 1866 waligombana katika mjadala kuhusu ofisi ya Jenerali James B. Fry, mkuu wa uandikishaji wa askari. Conkling alitaka ofisi hiyo ifutwe na akamshambulia Fry, Blaine alimtetea. Majibizano yaliendelea kwa siku kadhaa hadi Blaine akaudhihaki mwendo wa Conkling mbele ya wabunge wote, akiufananisha na maringo ya bata mzinga dume.

Conkling alikuwa mtu wa kiburi, aliyejali sana mavazi na muonekano wake, na wachoraji wa vibonzo waliitumia dhihaka hiyo kwa miaka mingi. Hakumsamehe Blaine. Tofauti zao za sera hazikuwa kubwa kiasi cha kuwatenganisha, lakini kila mmoja alipanda ngazi akiwa adui wa mwenzake. Blaine alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi kuanzia 1869 hadi 1875. Conkling aliingia katika Seneti mwaka 1867 na kuwa kiongozi wa chama katika jimbo la New York, hasa wakati wa urais wa Ulysses S. Grant, aliyemwachia ugawaji wa kazi za serikali jimboni humo.

Mwaka 1876 wote wawili waligombea uteuzi wa chama kwa ajili ya urais. Wajumbe wa New York waliomfuata Conkling hawakutaka Blaine ashinde, na uteuzi ulimwendea Rutherford B. Hayes. Ndani ya chama makundi mawili yalizidi kujipambanua: Stalwarts, waliomfuata Conkling na Grant, na wapinzani wao waliopewa jina la kejeli la Half-Breeds, ambao wengi wao walimfuata Blaine.

Jaribio la Hayes

Rais Hayes alitaka kurekebisha utumishi wa umma. Mwaka 1877 aliamua kumwondoa Mkuu wa Forodha wa New York, Chester A. Arthur, aliyekuwa mtu wa karibu wa Conkling, na badala yake akamteua Theodore Roosevelt Mkubwa, baba wa rais wa baadaye. Conkling aliwaomba wenzake waiheshimu desturi ya Seneti. Tarehe 12 Desemba 1877 Seneti ilimkataa Roosevelt kwa kura 31 dhidi ya 25.

Hayes alisubiri Seneti iende likizo, na mwezi Julai 1878 alimsimamisha Arthur na kumweka Edwin A. Merritt. Seneti ilimthibitisha Merritt mwezi Februari 1879 licha ya upinzani wa Conkling. Hata hivyo ushindi wa mwaka 1877 ulimwachia Conkling imani kwamba akiwaomba maseneta wenzake kwa jina la desturi yao, watamfuata.

Uchaguzi wa 1880

Katika mkutano mkuu wa chama mjini Chicago mwaka 1880, Conkling aliongoza juhudi za kumrudisha Grant kwa kipindi cha tatu. Alitaka wajumbe wote wa New York wapige kura kama kundi moja. Robertson, aliyekuwa seneta katika bunge la jimbo la New York, aliongoza wajumbe walioasi na kumpigia Blaine. Uasi huo ulichangia kuzuia ushindi wa Grant. Baada ya kura kupigwa mara 36, mkutano ulimchagua Garfield, ambaye hakuwa mgombea tangu mwanzo. Ili kuwatuliza Stalwarts, Arthur alipewa nafasi ya mgombea mwenza.

Garfield alishinda urais kwa tofauti ya chini ya kura 10,000 nchi nzima, na bila New York asingeshinda. Wafuasi wa Conkling waliamini kwamba msaada wao wakati wa kampeni uliambatana na ahadi kuhusu kazi za jimbo lao. Garfield alikana kuwa alijifunga kwa ahadi hiyo. Kisha akamchagua Blaine kuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Uteuzi na mvutano katika Seneti

Tarehe 22 Machi 1881 Garfield alipeleka katika Seneti majina ya watu kadhaa wa Conkling kwa kazi za New York. Siku iliyofuata alipeleka jina la Robertson kuwa Mkuu wa Forodha; Merritt angehamishiwa ubalozi mdogo wa London. Conkling aliona mambo mawili kwa pamoja: ofisi muhimu kuliko zote jimboni mwake ilikuwa ikipewa mtu aliyemwasi Chicago, na mkono wa Blaine ulikuwa nyuma ya uamuzi huo. Makamu wa Rais Arthur alimuunga mkono Conkling waziwazi dhidi ya rais wake.

Hesabu za Seneti zilimfaa Conkling mwanzoni. Kati ya maseneta 76, Republican walikuwa 37, Democratic 37 na wawili walikuwa huru. Kwa wiki kadhaa pande hizo zilikwama katika mabishano kuhusu uteuzi wa watumishi wa Seneti yenyewe, na majina ya rais hayakujadiliwa. Maseneta wa Republican waliunda kamati ya usuluhishi. Conkling alitaka Seneti ithibitishe watu wake na kuliacha jina la Robertson likae bila kupigiwa kura.

Garfield alikataa maridhiano. Kwake suala lilikuwa kama rais ni mkuu wa serikali au karani wa kuandika matakwa ya maseneta. Tarehe 5 Mei aliondoa majina ya watu wa Conkling na kumwacha Robertson. Hatua hiyo ilibadilisha hesabu. Conkling hakuwa tena na kitu cha kuchagua, na maseneta wa majimbo mengine waliona kwamba kumpinga rais kungeweza kuhatarisha kazi walizozitarajia kwa watu wao. Magazeti mengi pia yalikuwa upande wa rais.

Kujiuzulu na uchaguzi wa Albany

Tarehe 16 Mei 1881 Conkling alijiuzulu pamoja na mwenzake wa New York, Thomas C. Platt, aliyekuwa seneta kwa miezi miwili tu. Siku mbili baadaye Seneti ilimthibitisha Robertson.

Hadi mwaka 1913, maseneta wa Marekani walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Conkling na Platt walitarajia kwamba bunge la New York mjini Albany lingewarudisha haraka na hivyo kuonyesha kwamba jimbo lilikuwa nyuma yao. Badala yake wapinzani wao ndani ya chama waligoma. Kuanzia mwisho wa Mei kura zilipigwa siku baada ya siku bila mshindi. Arthur mwenyewe alikwenda Albany kuwaombea kura. Platt alijitoa tarehe 1 Julai.

Tarehe 2 Julai 1881 Charles J. Guiteau alimpiga risasi Garfield katika kituo cha reli mjini Washington. Guiteau alikuwa ameomba ubalozi mdogo wa Paris bila kufanikiwa, na alipokamatwa alisema yeye ni Stalwart na kwamba sasa Arthur atakuwa rais. Hakuwa ametumwa na Conkling wala Arthur, lakini maneno yake yaliliharibia kundi lao. Mwezi huohuo bunge la New York liliwachagua Warner Miller na Elbridge G. Lapham kuchukua viti vilivyoachwa wazi. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba 1881.

Matokeo

Arthur alipokuwa rais, Conkling alimtaka amwondoe Robertson. Arthur alikataa, na Robertson alibaki katika forodha hadi 1885. Mwaka 1882 Arthur alimteua Conkling kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Seneti ilimthibitisha, lakini Conkling aliikataa nafasi hiyo na kuendelea na kazi ya uwakili.

Kifo cha Garfield kiliongeza shinikizo la kubadilisha namna kazi za serikali zinavyotolewa. Tarehe 16 Januari 1883 Arthur alisaini Sheria ya Pendleton, iliyoanzisha mitihani kwa baadhi ya kazi za serikali kuu na kukataza kuwalazimisha watumishi hao kukichangia chama. Mwanzoni ilihusu takriban asilimia 10 ya ajira, na forodha kubwa zilikuwa miongoni mwa ofisi zilizoguswa.

Uhasama wenyewe uliendelea. Mwaka 1884 Blaine aligombea urais, na Conkling alikataa kumfanyia kampeni. Blaine alishindwa na Grover Cleveland kwa sababu ya jimbo la New York, ambako tofauti ilikuwa zaidi kidogo ya kura 1,000. Conkling alifariki mwaka 1888, na Blaine mwaka 1893.

Tathmini

Kulinganisha kura ya 1877 na ile ya 1881 kunaonyesha kwa nini Conkling alishinda mara ya kwanza na kushindwa mara ya pili. Mwaka 1877 maseneta walilinda haki ambayo kila mmoja wao angeweza kuihitaji siku moja, na rais hakuwa na cha kuwanyima. Mwaka 1881 waliombwa kulipa gharama ya ugomvi wa mtu mmoja, huku rais akiwa ameshikilia kazi walizozitaka wao.

Desturi ya kuheshimiana haikufa na mgogoro huo. Maseneta wa Marekani bado hupewa nafasi ya kutoa maoni kuhusu baadhi ya wateuliwa wa majimboni mwao, hasa majaji wa mahakama za wilaya.