Tetemeko la Kagera 2016: Jirani Alivyokuwa wa Kwanza Kufika

Saa 9:27 alasiri ya Jumamosi, Septemba 10, 2016, ardhi ya Mkoa wa Kagera ilitikisika kwa nguvu ambayo wakazi wengi hawakuwahi kuishuhudia. Tetemeko hilo, lenye ukubwa wa 5.9, lilianzia takriban kilomita 40 chini ya ardhi, upande wa Wilaya ya Missenyi, karibu na mpaka wa Tanzania na Uganda. Mtikisiko ulisikika hadi Mwanza, Uganda, Rwanda na Burundi. Kwa takwimu zilizotolewa baadaye na Serikali, watu 17 walipoteza maisha na zaidi ya 400 walijeruhiwa. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka, na maelfu ya nyingine zikabaki zimesimama zikiwa na nyufa ambazo hakuna aliyethubutu kulala chini yake.

Kwa vipimo vya dunia, tetemeko la 5.9 ni la wastani. Tanzania imewahi kupata kubwa zaidi: lile la Rukwa la Desemba 1910, lenye ukubwa unaokadiriwa kuwa 7.4, ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyorekodiwa barani Afrika. Wala eneo la Kagera si geni kwa mitikisiko, kwa kuwa lipo jirani na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Ng'ambo ya mpaka, Waganda wana neno lao la siku zote kwa tetemeko, musisi, na neno la namna hiyo halizaliwi mahali ambapo jambo lenyewe halitokei. Kilicholifanya tetemeko la 2016 liumize ni kuta. Nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vinavyoizunguka zilijengwa kwa mawe au matofali yaliyounganishwa kwa udongo, bila nondo na bila lenta ya kuzifunga kuta pamoja. Ukuta wa namna hiyo hubeba paa vizuri kwa miaka mingi, lakini ukisukumwa kutoka ubavuni hauna kinachouzuia. Msonge wa kale wa Wahaya, uliofungwa kwa miti, matete na nyasi, haukuwa na tofali la kumwangukia mtu.

Katika saa ile ya kwanza hapakuwa na kikosi chochote cha uokoaji ambacho kingeweza kufika katika kila mtaa na kila kitongoji. Hilo si lawama kwa mtu. Ndivyo matetemeko yalivyo duniani kote. Aliyefukiwa na ukuta hutolewa, mara nyingi, na mtu anayelijua jina lake na anayejua kwamba alasiri hiyo alikuwa amelala chumba cha uani. Maarifa hayo madogo hayamo katika ramani yoyote. Anayo jirani, na jirani hafukui kwa mashine bali kwa jembe, kwa koleo na kwa mikono mitupu. Majeruhi hubebwa kwa mlango uliong'oka, kwa pikipiki, kwa gari la yeyote anayepita. Vikosi vya ulinzi na usalama, watumishi wa afya na Chama cha Msalaba Mwekundu walipoingia kazini, walikuta kazi iliyokwisha kuanzwa na watu wasio na sare.

Kisha ukaingia usiku. Wakazi wengi hawakurudi ndani, kwa hofu ya mitikisiko midogo inayofuata tetemeko kubwa, na hofu hiyo ilikuwa ya busara: nyumba yenye nyufa huweza kuhimili mtikisiko wa kwanza ikaangushwa na wa pili ulio dhaifu zaidi. Familia zililala nje kwa siku nyingi. Hapa mazingira ya Kagera yenyewe yalisaidia kwa namna ambayo mji wenye msongamano usingeweza. Nyumba ya Mhaya kijijini husimama katikati ya kibanja, shamba la migomba na mibuni ambalo ni chakula, ni urithi, na ndipo wazee wa ukoo wanapozikwa. Nyumba ilipoanguka, kibanja kilibaki. Ndizi zilikuwepo, kuni zilikuwepo, na jiko la mafiga matatu halihitaji ukuta. Lakini Septemba ni mlango wa mvua za vuli, na Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Turubai moja lililogawanywa kati ya kaya mbili likawa na thamani isiyoelezeka kwa mtu aliyelala pakavu maisha yake yote.

Wema wa siku zile umesifiwa sana, na unastahili. Hata hivyo, kuuita muujiza ni kuudogosha, kwani ulikuwa na mazoezi ya muda mrefu nyuma yake. Anayeufahamu msiba wa Kitanzania anaujua utaratibu huo: kabla mfiwa hajaomba lolote, mmoja ameleta kuni, mwingine maji, mwingine mkungu wa ndizi, vijana wamekwenda kuchimba kaburi, wanawake wameshika jiko, na kuna daftari linalozunguka kuandika michango. Hakuna anayeitisha kikao ili kugawa kazi hizi, maana kila mtu alizijua tangu utotoni. Tetemeko lilipokuja, utaratibu uleule ulianza kufanya kazi, ila safari hii mfiwa na mleta kuni walikuwa wote wamelala nje.

Kagera imeufanyia kazi utaratibu huo katika vipindi vigumu kuliko mikoa mingi. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia na kuikalia ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera, na watu wa maeneo hayohayo ya Missenyi wakakimbilia kusini, wakapokewa katika nyumba za watu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa katika mkoa huu, katika Hospitali ya Ndolage, na miaka iliyofuata bibi waliozika watoto wao walilea wajukuu kwa msaada wa ukoo na majirani. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya abiria. Mtu aliyekuwa na miaka hamsini siku ya tetemeko alikuwa ameyapitia yote matatu. Tusidhani kwamba misiba huwafanya watu kuwa wema. Mara nyingine huwachosha tu. Lakini ilikuwa imewafundisha nani wa kumwita, nani wa kumhesabu na nani husahaulika.

Msaada wa nje ya mkoa ulifuata haraka. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika Bukoba siku iliyofuata na kuungana na wananchi katika Uwanja wa Kaitaba kuwaaga marehemu. Rais John Magufuli aliahirisha safari yake ya Zambia. Mfuko wa maafa ulifunguliwa, na wafanyabiashara, mabalozi, taasisi za dini na wananchi wa kawaida wakachangia. Kenya ilituma mabati, magodoro na mablanketi. Uganda, ambayo nayo ilitikiswa, ilichangia pia. Shule za Sekondari za Ihungo na Nyakato, zilizoharibiwa vibaya, ziliingizwa katika mpango wa kujengwa upya, na Ihungo, iliyojengwa kwa msaada wa Serikali ya Uingereza, ilizinduliwa Novemba 2017.

Palitokea pia mambo ya kuhuzunisha. Kabla Septemba haijaisha, baadhi ya watumishi wa umma waliondolewa kazini kwa tuhuma za kufunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la mfuko rasmi. Uamuzi huo ulichukuliwa mapema, na kwa sababu nzuri. Mtu aliyetoa shilingi elfu mbili kwa simu akiwa Mtwara hawezi kwenda Bukoba kuhakiki. Anategemea jina la akaunti tu. Jina hilo likitiliwa shaka, kinachopotea ni zaidi ya fedha, maana hata atakayeombwa kuchangia maafa yajayo atakumbuka.

Mwanzoni mwa 2017 Rais Magufuli alifika Bukoba na kuwaeleza wananchi waziwazi kwamba Serikali haingemjengea kila mtu nyumba, na kwamba fedha zingeelekezwa katika taasisi za umma na miundombinu. Kauli hiyo ilijadiliwa sana. Kwa tunaloliangalia hapa, maana yake ilikuwa moja: mzigo wa maelfu ya kuta ulirudi kwa kaya, kwa koo na kwa vikundi vya kuweka na kukopa, na hapo ndipo ukarimu wa jirani ulipokutana na mipaka yake. Jirani anaweza kukupa sufuria, blanketi na siku mbili za kusomba mawe. Hawezi kukupa saruji ya nyumba nzima huku yake imelala chini. Aidha, wema wa jirani hufuata njia za mazoea: humfikia haraka mwenye ukoo mkubwa, hukawia kumfikia mgeni. Mpangaji wa chumba kimoja mjini, asiye na kibanja wala ndugu wa karibu, hupoteza makazi bila kuwa na nyumba ya kuandikwa katika orodha ya zilizoanguka. Bibi anayeishi peke yake na wajukuu anaweza kuandikwa vizuri, akapewa mabati, yakakaa chini miezi kwa kukosa wa kuyapaua.

Ndiyo maana orodha ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2015, iliyokuwa mpya wakati wa tetemeko, na ile ya mwaka 2022 iliyoirithi, zinataka maafa yasimamiwe kwa kamati kuanzia ngazi ya Taifa hadi chini kwa wananchi. Kamati ya mtaa au ya kijiji ndiyo inayoweza kujua, siku za amani, nani haoni, nani hatembei, nani anaishi peke yake, nani ni mpangaji. Maarifa ambayo jirani anayo kichwani yakiandikwa katika daftari la mwenyekiti, hayapotei jirani huyo anapokuwa ndiye aliyefukiwa.

Jambo jingine ni fundi. Nyumba nyingi zilizosimama upya baada ya 2016 zilijengwa na mafundi walewale wa vijijini, kwa fedha za kudunduliza, na si ajabu mtu aliyelala nje wiki tatu akatamani kuinua ukuta haraka kwa udongo kama ule wa kwanza. Lenta ya zege yenye nondo, inayozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha, huongeza gharama, lakini ndiyo inayozifanya kuta nne zitikisike kama kitu kimoja. Vilevile paa jepesi la mabati lililofungwa vizuri ni salama kuliko zito lililoegeshwa, na pembe za nyumba zinahitaji matofali yanayoshikana kwa kupishana. Fundi anayeyajua haya na akakubali kumweleza mteja wake hata pale ambapo hakuulizwa, huokoa watu ambao huenda hata hajawazoea kwa majina.

Ardhi ikitikisika tena, hatua za mwanzo ni zilezile: kukaa mbali na kuta na vioo, kutoka nje mtikisiko ukitulia, kuzima moto wa jiko na kufunga gesi, kutorudi ndani ya nyumba yenye nyufa hata kwa kuchukua simu. Kisha kuhesabu watu, nyumba kwa nyumba, kuanzia mlango wa yule ambaye hana wa kumtafuta.