Mkono wa Taipureta

Katika taipureta ya ofisi yangu, mkono mmoja ulifanya kazi mbili: kurudisha rola mwanzo wa mstari, na kusogeza karatasi mstari mmoja juu. Teleprinta zilizitenga kazi hizo, na alama za ASCII za 1963 zikazipa namba: 13 ya kurudi, 10 ya kushuka. Kompyuta zikarithi namba hizo, kila mtengenezaji akashika yake. Unix ikabaki na 10 tu. MS-DOS ya 1981, na Windows baada yake, zikabeba zote mbili. Macintosh ya 1984 ikachukua 13, mpaka Mac OS X ya 2001 ikaifuata Unix.

Mjukuu wangu, anayetumia Linux, ya ukoo wa Unix, aliniletea Kishapu orodha ya wanafunzi wangu wa zamani. Nikaifungua kwa Notepad katika kompyuta yangu kuukuu (Notepad ya kabla ya 2018 haikuitambua 10 ikiwa peke yake), na majina yote yakawa mstari mmoja. Kwetu Usukumani, Masanja aweza kuwa mtu mwenyewe, baba yake au babu yake. Baya zaidi, neno "marehemu" lilisimama katikati ya majina, nisijue ni la nani, wa kushoto au wa kulia.

"Babu, fungua kwa WordPad," akasema.

Mistari ikaachana. Nikavaa miwani, nikaanza kusoma toka juu, polepole.