Kifaransa cha Juu katika Sekondari za Marekani

Kifaransa cha juu katika sekondari za Marekani ni somo la darasa la 11 au la 12, kwa mwanafunzi ambaye kwa kawaida ameshasoma lugha hiyo miaka mitatu au zaidi. Kwa shule nyingi, somo hilo huishia kwenye mtihani wa Mei wa programu ya Advanced Placement, inayojulikana zaidi kama AP. Jina la mtihani kwa Kiswahili lingekuwa Lugha na Utamaduni wa Kifaransa. Hutungwa na College Board, taasisi iliyoanzishwa 1900, na matokeo yake huwa kati ya 1 na 5. Vyuo vikuu vingi humruhusu aliyepata 3 au zaidi kuruka kozi za mwanzo za Kifaransa, ingawa kila chuo kina kiwango chake.

AP ilianza miaka ya 1950, kwa nia ya kuwaepusha vijana hodari kurudia chuoni mambo waliyokwisha kuyasoma sekondari. College Board iliichukua 1955, na Kifaransa kilikuwemo katika mitihani ya kwanza ya 1956. Baadaye kulikuwa na mitihani miwili, wa lugha na wa fasihi. Ule wa fasihi ulifanywa mara ya mwisho Mei 2009, kwa kuwa watahiniwa wake walikuwa wachache. Wa lugha ulifumuliwa na kuundwa upya, na ulipotoka Mei 2012 ulikuwa na utamaduni ndani ya jina lake.

Badiliko hilo lilikwenda mbali kuliko jina. Mtihani wa zamani ulikuwa na sehemu za kujaza nafasi zilizo wazi kwa vitenzi na viunganishi. Huu wa 2012 haukuwa na swali hata moja la sarufi peke yake. Sarufi hupimwa ndani ya barua na insha, mtahiniwa anapoitumia kusema jambo. Nyuma ya mabadiliko hayo ulikuwapo mwongozo wa taifa wa kufundisha lugha za kigeni uliotolewa 1996, ambao chama cha walimu wa lugha, ACTFL, kilikuwa mstari wa mbele kuuandaa. Mwongozo huo ulitaka mwanafunzi aelewe anachosoma na kusikia, ajibizane na mtu, na awasilishe mawazo yake mbele ya wasikilizaji au wasomaji. Chama hichohicho kilishauri 2010 kwamba angalau asilimia 90 ya mazungumzo darasani yawe katika lugha inayofundishwa.

Mafunzo yamepangwa kwa mada sita: familia na jamii, utambulisho wa mtu, uzuri na sanaa, sayansi na teknolojia, maisha ya kisasa, na changamoto za dunia. Hakuna orodha ya vitabu vya lazima. Mwalimu akitaka kusoma riwaya na darasa lake anaweza, lakini hakuna anayemdai, na ukweli ni kwamba mwaka ni mfupi. Hapo ndipo kufa kwa mtihani wa fasihi kunapouma: kijana anaweza kupata 5 bila kumaliza kitabu kizima cha Kifaransa.

Kwa muundo huo wa 2012, nusu ya alama hutoka kwenye maswali 65 ya kuchagua jibu, ya kusoma na kusikiliza. Nusu ya pili hugawanywa sawa kwa kazi nne. Ya kwanza ni kujibu barua pepe rasmi kwa dakika 15. Mtahiniwa hujibu kila alichoulizwa, huuliza naye jambo, na hushika lugha ya heshima tangu salamu hadi kuaga. Anayefungua kwa « Salut » kwa mkurugenzi asiyemjua anajiharibia, sawa na mtoto wa Kiswahili anayempitia mzee kwa « mambo vipi ». Ya pili ni insha ya hoja inayojengwa juu ya vyanzo vitatu: makala, jedwali au mchoro wa takwimu, na sauti inayochezwa mara mbili. Ya tatu ni mazungumzo na sauti iliyorekodiwa, ambapo mtahiniwa ana zamu tano za sekunde 20. Sekunde hizo ni nyingi kwa mtu aliyekosa la kusema, na walimu hutumia miezi kuwazoesha wanafunzi kutojibu kwa neno moja.

Kazi ya nne, ulinganisho wa kitamaduni, ndiyo inayoonyesha kama somo lilifundishwa au lilipitiwa tu. Mtahiniwa hupewa swali, dakika nne za kujiandaa, kisha huzungumza dakika mbili akilinganisha jamii yake na eneo lolote la dunia linalotumia Kifaransa. Tuseme swali linahusu nafasi ya dini katika maisha ya shule. Jibu dhaifu husema kwamba Ufaransa kuna Wakatoliki wengi na Marekani kuna dini nyingi, likaishia hapo. Jibu lililoiva huanzia kwenye sheria ya Machi 2004 iliyokataza alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za serikali za Ufaransa, hijabu ikiwemo, na kuieleza kwa msingi wa « laïcité », yaani dola kujitenga na dini. Kisha humtazama msichana wa Kiislamu wa Michigan anayeingia darasani na hijabu yake kwa sababu katiba ya nchi yake hulinda uhuru wa kuabudu. Nchi zote mbili zimetenga dini na serikali, lakini zimefika mahali tofauti. Mwanafunzi akilifikia hilo, hata akikosea jinsia ya nomino mbili tatu, amefanya kazi ya maana.

Tatizo ni kwamba wengi hukimbilia Paris, mkate na Mnara wa Eiffel. Hakuna kanuni inayowalazimisha: Dakar, Montréal, Port-au-Prince na Kinshasa zina hadhi ileile mbele ya msahihishaji. Kwa kweli Afrika ni uwanja mpana zaidi. Rumba ya Kongo, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu 2021 kwa ombi la Kongo zote mbili, inatosha kujaza swali la sanaa. « Petit Pays » ya Gaël Faye, riwaya ya 2016 inayosimulia utoto wa Bujumbura ukivamiwa na vita, ni fupi kiasi cha kusomeka katika muhula mmoja, na ilishinda tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Kwa kusikiliza, wengi huanzia kwenye taarifa ya habari ya redio RFI iliyorahisishwa kwa wanaojifunza.

Wapo pia Wamarekani ambao Kifaransa kwao si cha kigeni. Shule, hata hivyo, ziliwahi kuwanyima lugha hiyo: jimbo la Maine lilipitisha 1919 sheria ya kufundisha kwa Kiingereza pekee katika shule za umma, na katiba ya Louisiana ya 1921 ilifanya vivyo hivyo. Vizazi vya watoto vikanyamazishwa shuleni. Louisiana iligeuka 1968 ilipounda CODOFIL, taasisi ya serikali ya kufufua Kifaransa, iliyoleta walimu kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Québec.

Leo mwanafunzi ambaye Kifaransa kwake si cha kigeni anaweza pia kuwa mtoto wa Kongo. Katika miji kama Portland, Maine, wamo vijana waliotoka Bukavu au Goma, wanaoongea Kiswahili na wazazi na waliosoma shule kwa Kifaransa. College Board hutoa takwimu za matokeo pia kwa kundi lililojifunzia lugha zaidi madarasani Marekani, ukiwaondoa waliotaja kwamba huitumia au kuisikia nyumbani, au waliowahi kuishi mwezi mmoja au zaidi inakozungumzwa. Kijana wa Bukavu, asiyehesabiwa katika kundi hilo, hupita sehemu ya mazungumzo bila jasho. Anachohitaji kwa mwalimu ni mpangilio wa insha, namna ya kutaja vyanzo, na upatanisho wa vitenzi ambao sikio halimwambii, kwa kuwa maumbo kadhaa ya Kifaransa hutamkwa sawa na kuandikwa tofauti. Mwalimu asiyeliona hilo humkalisha mwaka mzima akirudia maigizo ya kununua tiketi ya treni.