Kadi ya kupandia ndege: Iwe wapi abiria anapokaguliwa?

KADI ya kupandia ndege, ambayo wasafiri wengi huiita bodingi pasi, huenda ikawa ndiyo kitu chepesi kuliko vyote anavyobeba abiria. Hata hivyo, bila kadi hiyo safari inaweza kuishia uwanjani, na hakuna mahali ambapo ni rahisi kuipoteza kama kwenye mashine ya ukaguzi wa usalama.

Sababu yake haihitaji maelezo marefu. Katika muda wa dakika chache abiria hutakiwa kuvua koti, saa na mkanda wa suruali, kutoa kompyuta kwenye begi, kuweka simu na funguo kwenye trei, kisha kupita akiwa mikono mitupu huku foleni ikimsukuma kutoka nyuma. Kadi iliyotupwa juu ya trei bila kufunikwa hupeperuka, hunasa kwenye mkanda wa mashine, au huzolewa pamoja na vitu vya abiria mwingine mwenye haraka. Mwenyewe huja kugundua akiwa getini, wakati wenzake wamekwisha kupanga mstari wa kuingia ndegeni.

Mazoea ya kuishika kadi mkononi wakati wa ukaguzi yalienea zaidi baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani. Kabla ya hapo, katika viwanja vingi vya nchi hiyo ndugu na marafiki waliweza kumsindikiza msafiri hadi getini. Baada ya mashambulizi hayo eneo la ndani likawa la wenye safari tu, na kadi ikageuka kuwa kibali cha kuingia. Katika viwanja vingi ofisa aliyesimama kwenye lango la kugundua vitu vya chuma alitaka kuiona tena, hata kama ilikwisha kukaguliwa mwanzoni mwa foleni.

Utaratibu huo ulikuwa na udhaifu. Oktoba 2006, Christopher Soghoian, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Indiana, alifungua tovuti iliyomwezesha mtu yeyote kuchapisha kadi ya bandia, akitaka kuonyesha kuwa maofisa walikuwa wakitazama karatasi kwa macho tu. Makachero wa FBI waliipekua nyumba yake, ingawa hatimaye hakufunguliwa mashitaka. Siku hizi viwanja vingi vya Marekani vina mashine zinazosoma kitambulisho na kuthibitisha safari ya abiria zenyewe, hivyo mara nyingi kadi haiulizwi hapo.

Kwingineko mambo ni tofauti. Nchini India, ambako wagonjwa wengi kutoka Afrika Mashariki huenda kutibiwa, kwa miaka mingi askari wa kikosi cha CISF walikuwa wakigonga muhuri kwenye kadi baada ya kumkagua abiria. Aliyefika getini bila muhuri huo alirudishwa. Katika viwanja vya Dar es Salaam na Nairobi, abiria na mizigo yake hupita kwenye ukaguzi zaidi ya mara moja, kwa hiyo nafasi za kuisahau kadi nazo huongezeka.

Je, iwekwe wapi? Penye lango la chuma la kawaida, njia nyepesi ni kuibana ndani ya pasipoti na kuvishika vyote mkononi, kwani karatasi haipigishi king'ora. Penye mashine inayopiga picha ya mwili mzima, hali hubadilika: mashine hizo huonyesha hata karatasi iliyo mfukoni, na abiria huvutwa kando kupapaswa. Hapo ni bora kumuuliza ofisa kama inafaa kuishika. Akikataa, itiwe kwenye mfuko wa begi la mkononi wenye zipu kabla begi halijaingia kwenye mashine, wala isilazwe wazi kwenye trei.

Wenye kadi ndani ya simu wana shida yao, kwa kuwa simu ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuwekwa kwenye trei. Ofisa wa upande wa pili akiitaka kadi, mwenyewe hana budi kusubiri simu itokeze. Simu ikiishiwa chaji, ndiyo basi. Si ushamba kuomba karatasi kwenye kaunta.

Aliyepoteza kadi hajapoteza tiketi. Tangu Juni 2008 mashirika wanachama wa IATA hutumia tiketi za elektroniki, hivyo jina la abiria limo kwenye kompyuta ya shirika na kadi nyingine inaweza kuchapishwa. Jambo la kwanza ni kumweleza ofisa wa ukaguzi papo hapo, trei na mashine zikaguliwe. Isipoonekana, wafanyakazi wa shirika waliopo getini waarifiwe mapema, kwa sababu geti hufungwa kabla ya saa ya ndege kuruka.

Kuiokota kadi ya mwingine nako kunaweza kuwa na madhara. Jina na namba ya uhifadhi yenye herufi na tarakimu sita hutosha, kwa mashirika mengi, kufungua taarifa za safari ya mhusika. Mwaka 2020 Waziri Mkuu wa zamani wa Australia, Tony Abbott, aliweka picha ya kadi yake kwenye Instagram, na mtaalamu mmoja wa kompyuta akaweza kuipata namba yake ya pasipoti kwa kuanzia hapo.

Aidha, mara nyingi kipande chenye namba ya mzigo uliopakiwa, ambayo ina tarakimu kumi, hubandikwa nyuma ya kadi hiyo hiyo. Mzigo usipofika, namba hiyo ndiyo itakayoulizwa kwanza.