Ndoo Moja Zaidi
Mwaka 1918, katika maabara ya Lewis Institute mjini Chicago, Duff Abrams alichapisha jibu la swali la mafundi: kwa nini mchanga, kokoto na saruji zilezile hutoa zege lenye nguvu tofauti? Jibu lilikuwa maji. Yakizidi kwa kulinganishwa na saruji, huacha vitundu, na nguvu hupungua.

Zege likishashika, mambo hugeuka. Haliimariki kwa kukauka bali kwa saruji kuungana na maji, hivyo humwagiliwa siku saba au zaidi.

Saiti nyingi bado huongeza ndoo ili koleo liwe jepesi, kisha huliacha zege juani. Ukarimu penye haja ya ubahili, ubahili penye haja ya ukarimu. Deni hulipwa na atakayelala chini yake.